Mshale Uliofika Mia

Alois alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, katika hospitali ya mgodi huko Geita kwa miaka kumi na mmoja, na kwa kazi ya kulaza wagonjwa kwa etha hakuna aliyemfikia. Anadondosha dawa kwenye kinyago, mara anafunua mdomo wa chini wa mgonjwa kwa kidole na kutazama rangi ya ndani. Ukiwa mwekundu, anaendelea. Ukianza kupiga weusi, anaondoa kinyago upesi. Basi.

Mwaka 1953 ikaja mashine: kisanduku chenye mshale, na kibanio chenye taa cha kubana kwenye ndewe ya sikio. Taa humulika kupitia nyama ya sikio; mwanga ukipita kwa wingi, mshale hupanda. Mshale ukikaa tisini kwenda juu, mgonjwa ana hewa ya kutosha.

"Mambo ya kufunua watu midomo yamekwisha," daktari alimwambia. "Utasoma mshale."

Loo, kichwa kilivyomvimba! Wiki nzima wenzake walichoshwa na majigambo yake.

Ndipo akaletwa shemeji yake, Makoye, jiwe limemsaga mguu shimoni. Scolastika, dada yake Alois, akamshika mkono mlangoni pa chumba cha upasuaji.

"Kaka, umtazame mwenyewe."

"Nitamtazama. Wewe tulia."

Makoye alitogwa masikio tangu utotoni, tundu pana la kupita kidole. Alois akabana kibanio kwenye ndewe ile iliyolegea, kisha akaukodolea mshale macho.

"Tisini na mbili, Bwana Daktari."

Msumeno wa kuukata mguu ukaanza, kichwa cha Makoye kikatikisika. Ghafla mshale ukaruka hadi mwisho. Alois akatabasamu, mpumbavu yule!

"Mia, Bwana Daktari! Mia kamili!"

"Safi," daktari akasema bila kuinua kichwa.

Akaendelea kudondosha etha na kutangaza mia, mpaka daktari alipoona damu ya jeraha imegeuka nyeusi. Alois akageuka. Kibanio kilikuwa kimeponyoka sikioni, kimelala juu ya shuka, taa inawaka, hakijabana kitu. Akafunua ule mdomo wa chini. Ulikuwa mweusi tititi. Wakamwinua mikono na kuishusha ili apumue, wapi!

Nje, Scolastika aliuona uso wa kaka yake akaelewa. Hakupiga yowe.

"Ulimtazama?"

"Mashine ilionyesha yu mzima, dada."

"Sikuulizi mashine, Alois. Nakuuliza wewe."

Ndani daktari alikuwa akimwita arudi upesi, akifute kibanio na kukirudisha kwenye sanduku lake.