Kura ya Sjur Tveitnes

Halmashauri yetu ya Hestvika ilikuwa na watu mia saba na kitu, makanisa mawili, shule nne na karani mmoja. Karani huyo nilikuwa mimi, Borghild. Ghuba ilitugawa: wa magharibi walikuwa na barabara, sisi wa mashariki tulikuwa na mashua na miguu yetu. Tuligombana wenyewe, tukapatana wenyewe.

Mwaka 1963 ilikuja barua ya serikali kwamba halmashauri ndogo ziunganishwe. Sisi tulipangiwa kumezwa na Storvåg, mji ulioko mdomoni mwa ghuba. Baraza letu la watu kumi na watatu likatakiwa kusema linakubali au linakataa.

Mwenyekiti wetu, Sjur Tveitnes, alikuwa seremala na mfuga kondoo. Kaka yake Aslak, naye mjumbe, aliishi naye uwanja mmoja. Kisima kimoja, banda la mashua moja. Sjur alikuwa ameshatamka mbele ya kanisa, "Nikiwa hai, Hestvika haiendi popote." Watu wa mashariki wakalala usingizi.

Lakini Februari ya mwaka ule ule, Eldbjørg, binti wa Aslak, alishikwa na uchungu. Mkunga alikuwa ng'ambo. Barafu ilikuwa nene mno kwa mashua na nyembamba mno kwa miguu. Wale ndugu wawili walimlaza ndani ya mashua, wakasimama mbele na mashoka, wakawa wanaipasua barafu hatua kwa hatua. Safari ya nusu saa ikachukua saa tano. Eldbjørg alipona. Mtoto alizaliwa mashuani, mikononi mwa Sjur, akafa kabla hawajagusa gati.

Baraza lilikaa Oktoba, mchana, mvua ikipiga madirisha. Wajumbe sita walikubali, sita wakakataa. Akabaki mwenyekiti.

"Haya, mwenyekiti," Aslak alisema akivaa kofia, "maliza kazi, ng'ombe wanangoja kukamuliwa."

Watu wakacheka. Sjur hakucheka. Aliinamia meza, akasema, "Mimi naunga mkono tuungane."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kalamu ilisimama.

"Umelewa?" Aslak aliuliza.

"Storvåg wameandika kwamba watachonga barabara upande wetu."

"Wameandika! Hata mimi naweza kuandika kwamba nitakuwa askofu."

"Nilimshika yule mtoto, kaka. Alikuwa bado ana joto."

Aslak aliinuka hadi kiti kikaanguka. "Usinipigie kura kwa maiti ya mjukuu wangu! Husikii? Kwa huyo, hapana!"

Akatoka. Sjur akanigeukia, uso umempauka. "Andika, Borghild. Saba kwa sita." Nikaandika, na mwandiko wangu wa siku ile hadi leo naukana.

Mwezi Januari Hestvika ikafutwa. Nilifunga vitabu vya kumbukumbu ndani ya masanduku, nikahamia ofisi ya Storvåg, karani mmoja kati ya kumi na mmoja.

Sjur alikiona cha moto. Dukani waliuliza kwa sauti, "Leo Storvåg anataka nini?" Kanisani benchi lake lilibaki na yeye na mkewe Ragna tu. Aslak hakumtukana, hakumpiga. Alikoma tu kusema naye. Nyumba mbili zikawa zinateka maji saa tofauti.

Barabara haikuja. Badala yake, mwaka wa tatu, wakubwa wapya walifunga shule ya mashariki kwa kuwa watoto walikuwa wachache. Waliobaki wakawa wanalala bwenini mjini, wanarudi Jumamosi. Kila masika Sjur alipanda mashua ya abiria akaja kusimama mbele ya meza yetu.

"Barabara?"

"Mwaka kesho, mzee," walimjibu.

Mkuu wangu alikuwa akinikonyeza, "Borghild, mtu wako wa barabara amekuja." Niliona haya, na sikumtetea hata siku moja.

Barabara ilikamilika mwaka 1971. Baruti zilipasua mwamba miaka miwili, na siku ya kufunguliwa nilitumwa na ofisi kwenda kushuhudia. Mashariki nzima zilikuwa zimebaki nyumba tisa zenye moshi. Gari la kwanza la mizigo kufika uwanjani kwa Tveitnes lilikuja kumchukua Eldbjørg. Alikuwa amepata binti mwingine, sasa ana umri wa kuanza shule, na hakutaka kumpeleka bweni. Yeye na mumewe walikuwa wanahamia mjini.

Sjur alisaidia kupakia kabati. Aslak alisimama kando, mikono nyuma. Kabati lilipofungwa kamba, alifungua kinywa kwa mdogo wake kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka minane.

"Umeipata barabara yako."

"Nimeipata."

"Inatuondolea watu."

"Naona."

"Ungejua haya, ungepiga kura ile ile?"

Sjur alijifuta mikono kwenye suruali. "Nikiikumbuka ile barafu, ndiyo. Siku nyingine sijui, kaka. Kweli sijui."

Eldbjørg alikuwa ameshakaa mbele garini na mwanawe mapajani. Alishuka tena.

"Miaka yote hii mnagombana juu yangu," alisema. "Baba, umewahi kuniuliza? Na wewe, baba mdogo?"

Alifunga mlango wa gari nyuma yake.

"Ningesema tubaki wenyewe, na mkunga aletwe akae huku kwetu. Basi. Sikutaka barabara wala ugomvi."

Sjur alikaa chini kwenye ngazi. Eldbjørg akambusu baba yake shavuni, akasita, akambusu na Sjur. Gari likaondoka.

Tangu siku hiyo wale ndugu walisalimiana asubuhi kisimani. Zaidi ya salamu hawakufika. Sjur alifariki mwaka 1974, na jeneza lake Aslak alilibeba upande wa kichwa.