Chai ya Ghalani

Niacheni niseme, maana nikinyamaza nitatapika. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapikia chai makuli wa ghala la nafaka, wanaume thelathini na mmoja, kila asubuhi kabla ya lori la kwanza. Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, alikuwa mmoja wao. Kazi hiyo nilimtafutia mwenyewe, nikambembeleza Nyapara mpaka ulimi ukakauka.

Nyapara yule! Mtu mlaini, viganja vina jasho kila saa, anakuita "mama yangu mzazi" huku macho yake yako kwingine. Miezi mitano iliyopita alinijia jikoni na kopo la maziwa. Ndani mlikuwa na unga mweupe, lakini haukuwa wa maziwa.

"Vitamini hizi, mama. Kijiko kimoja kwenye birika. Watu wanabeba magunia ya kilo mia, wasaidie."

Nikatia. Na kweli, watu wakachapa kazi, balaa! Magunia yaliyokuwa yakiisha jioni yakawa yanaisha saa nane. Hakuna aliyelalamika mgongo. Nami nikajisifu kwa majirani kwamba mkono wangu una baraka.

Kisha nikaanza kuona mambo. Walijikuna pua na shingo mpaka ngozi ikachubuka. Walisinzia wamesimama, midomo wazi, udenda unachuruzika juu ya magunia ya chakula cha watu. Siku moja kuli mmoja tuliyemwita Kifupi alikanyaga msumari, ukapenya kandambili, ukaingia kwenye unyayo. Akaendelea kubeba. Kila hatua doa la damu sakafuni, naye anacheka: "Mama Chai, mbona unanitolea macho?" Nikachukua dekio, nikapangusa damu, nikarudi jikoni. Kesho yake nikatia kijiko tena.

Nilijua. Jina la kitu kile sikulijua, lakini nilijua. Nyapara hakuwahi kunywa chai yangu hata tone. Alikuja na chupa yake kutoka nyumbani, akainywea ofisini. Mtu mzima na akili zangu timamu, nikaona hilo siku zote hizo na nikafunga domo. Niliogopa tusije tukafukuzwa siku moja, mimi na mkwe wangu. Ptuu!

Jumanne ile akaleta kopo jipya. "Hii kali zaidi. Nusu kijiko inatosha, na usiache kopo mezani." Nikatia nusu, nikakoroga, nikagawa. Sasa sikieni upumbavu wangu. Mkwe wangu anapenda sukari, na sukari hutuama. Kwa hiyo kila siku nilimwekea kikombe cha mwisho, kile kizito cha chini ya birika. Mtu na mama mkwe wake hawakai wakapiga soga, kuna heshima. Kwa kikombe kile ndipo nilipomwonyesha kwamba nampenda. "Asante, mama," alisema, ameinamisha macho, akanywa chote.

Saa nne kasoro wakaniita. Alikuwa amelala nyuma ya magunia, midomo imekuwa ya bluu, anakoroma kwa mbali, na kati ya koromo moja na jingine kimya kirefu. Matapishi yalikuwa yamemganda shavuni. Wenzake walimzunguka wakicheka kama walevi: "Mwache, mama, kachoka tu." Nikampiga makofi ya uso, mimi ambaye sijawahi hata kumshika mkono. Hakushtuka.

Tukampakia kwenye mkokoteni wa ghala, mbio hadi zahanati ya mtaa wa pili. Nyapara alituwahi kwa pikipiki. Nilimkuta mbele ya nesi, amevua kofia, sauti ya msibani.

"Ni sumu ya wadudu, nesi. Jana tulipulizia nafaka. Hawa hawasikii, wanakula bila kunawa."

Nesi akamfunua mkwe wangu kope. Mboni zilikuwa vitone tu. "Sumu ya wadudu nayo hufanya hivi," akasema, akaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano. Nyapara akanitazama, akanikonyeza. Jamani, akanikonyeza! Nikamwonea kinyaa, nikajionea na mimi mwenyewe, kwa sababu nilimwelewa vizuri kabisa. Nikinyamaza, mimi na yeye tumepona.

"Mwongo!" nikapayuka. "Si sumu ya wadudu, ni chai! Kuna unga anauleta huyu, anauita vitamini, na mimi ndiye ninayeutia."

"Mama kachanganyikiwa," Nyapara akasema.

Kopo lilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu. Nikamkabidhi nesi. Alilifungua, akalifunga haraka, akaitupa sindano ile pembeni na kukimbilia kabati. "Hii si vitamini. Unga huu nimeshakutana nao: ni dawa ya kutuliza maumivu ya kutengenezwa maabara, ya kulevya. Punje chache tu na mtu anaacha kupumua." Akamdunga dawa nyingine ya kuikata, akamwekea mpira wa pumzi usoni, akawa anauminya na kuhesabu. Akamdunga tena. Mkwe wangu akavuta pumzi moja nene, akatapika juu ya magoti yangu. Sikusogea.

"Wangapi wamekunywa?"

"Thelathini wengine."

Akamtuma mwenzake ghalani na sanduku la sindano. Nilipogeuka, Nyapara alikuwa ameshayeyuka.

Na tajiri wa ghala mnajua alifanya nini? Aliita polisi wawapekue makuli mifukoni. Kifupi na wenzake watatu wakapigwa pingu, eti wavuta unga, wakapitishwa mbele ya zahanati. Nesi alitoka mpaka barabarani akawafokea: "Wagonjwa mnawafunga, mwenye kopo mnamwacha atembee? Waleteni hapa!" Akazing'ang'ania pingu mpaka zikafunguliwa. Waliobaki ghalani nao wakaletwa, akawapanga wote barazani, akawa anapita akiwatazama midomo na kuwasikiliza pumzi mmoja mmoja. Aliwaambia watarudi kila siku, waachishwe unga ule taratibu kwa dawa, na hakuna askari atakayevuka mlango wake. Wengine walikuwa wameshaanza kutetemeka na kunitukana. Walitaka chai.

Binti yangu alifika saa saba, mwanawe mgongoni. Alinikumbatia nusura anivunje.

"Mama, nesi kaniambia. Bila wewe kusema, sasa hivi ningekuwa mjane." Akanipakatisha mtoto, akaenda kumshika mumewe miguu. Alikaa pale akilia, kisha akageuka. "Nani alikuwa akiwapa uchafu huu?"

Ningeweza kusema Nyapara, nikaishia hapo. Isingekuwa uongo.

"Nyapara alileta. Aliyemnywesha mumeo ni mimi. Miezi mitano."

"Hukujua."

"Nilijua, mwanangu. Niliona na nikanyamaza."

Hakupiga kelele. Alikuja taratibu, akamwinua mwanawe kutoka mapajani mwangu, akamfunua kinywa kwa kidole, akamnusa pumzi.

"Umempa chochote?" akaniuliza.