Kimo cha Mshauri wa Vyuo

Jumanne, saa tatu asubuhi, fundi saa aliteremsha mlango wa bati wa kibanda chake hadi nusu, akaandika kwenye kipande cha boksi kwamba angerudi mchana, akakitundika kwenye msumari. Akapangusa kile kioo chake cha kukuza, cha kubana jichoni, akakitia mfukoni pamoja na bisibisi ndogo kuliko zote alizokuwa nazo. Binti yake alikuwa na zamu ya kuonana na mshauri wa vyuo, na safari hii fundi aliamua kwenda naye, maana mara tatu zilizopita mtoto alirudi nyumbani akasema hakusikia kitu.

"Niliona midomo inacheza, baba," alikuwa amesema mara ya tatu. "Kama ilikuwa midomo. Labda alikuwa anajikuna pua."

Shule ilikuwa ya kulipia, yenye ukuta mweupe na geti linalojifungua lenyewe. Aliyemwandikisha binti pale ni marehemu mama yake. Alikuwa mshonaji wa sare za wauguzi, akashona mpaka vidole vikaota sugu ili mtoto asome pazuri, na siku aliyolazwa, jambo la mwisho alilosema kuhusu dunia ni kwamba mtoto asitolewe pale. Fundi mwenyewe aliishia darasa la nne. Aliamini kwamba dunia imeharibiwa na watu waliosoma sana, tena kwa makusudi. Lakini neno la marehemu halirudishwi. Akaenda kwa mkuu wa shule kuomba punguzo la ada, akapewa, na punguzo hilo ndilo lililomfanya mshauri awe mdogo.

Jambo lenyewe lilikuwa limeandikwa wazi kwenye kijitabu cha wazazi, ukurasa wa tisa, chini ya habari za soksi. Kimo cha mshauri kilifuata ada ya mzazi. Kwa anayelipa yote kwa mkupuo, alikuwa mtu wa kujaza mlango. Kwa anayelipa kwa awamu, alifika kifuani. Kwa mwenye punguzo la nusu, alikuwa kama chupa ya soda. Kwa punguzo la robo tatu, kama la fundi, alikuwa punje ya mchele. Wazazi hawakulalamika, na shule nayo haikuwa na roho mbaya: ilinunua sahani nyeupe ya kumweka ili aonekane, na wakati wa zamu za wenye punguzo feni ilizimwa asije akapeperuka.

Binti alitaka kujenga madaraja. Tangu utotoni hakuwahi kuvuka daraja bila kuinama kuchungulia linashikwa na nini. Fomu ya kuomba vyuo ilikuwa na mistari mitatu, na ilifungwa Ijumaa. Mstari wa kwanza ndio unaotazamwa. Ukiukosea, unasukumwa wa pili, ukikosa wa pili unasukumwa wa tatu, na baada ya hapo unapelekwa popote penye nafasi, kama gunia. Fundi hakujua chuo wala kozi. Alijua tu kwamba kwenye karatasi ya ada kulikuwa na kipengele cha ushauri wa vyuo, na hicho hakikuwa na punguzo.

Ofisini, karani, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, aliwaonyesha viti, akazima feni, akasukuma sahani katikati ya meza. Dakika zao zilikuwa kumi. Fundi alibana kioo jichoni, akainama, akazuia pumzi kama anavyozuia akiwa juu ya saa iliyofunguliwa. Katikati ya sahani alimwona mtu wa makamo amekaa juu ya kipande cha ufutio. Alikuwa na tai yenye doa la chai, na kifungo cha pili cha shati lake kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

Kuona ni kuona, kusikia ni kazi nyingine. Lakini saa ikilala, fundi hugusisha ncha ya bisibisi kwenye mashine na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na akasikia hata gurudumu lenye jino lililochakaa. Alifanya hivyo kwenye sahani. Sauti ikapanda na chuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu."

"Wewe ni mzazi wa kwanza kuniitikia kwenye sahani hii."

Fundi alimweleza habari za madaraja. Alinong'ona, kwa kuwa sauti ya kawaida ilimfanya mshauri ashike ufutio kwa mikono miwili. Mshauri alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akasema kwamba mtoto afuate moyo wake, asome kwa bidii, na achague kozi yenye soko.

"Kozi ipi hiyo yenye soko?" fundi akauliza.

Mshauri alitazama viatu vyake. Karani akagonga kengele, akamrudisha kwenye droo alimokaa pamoja na pini na klipu, akawasha feni.

Njiani fundi alisema maneno mengi kuhusu wakubwa. Alisema wao wanakula nyama na sisi tunapewa harufu, tena tushukuru. Alisema maneno yenye maana wamemwekea yule mshauri mrefu, huyu mdogo kaachiwa makapi, na kwamba angekuwepo marehemu mama wa binti, wangemtambua. Binti alimwacha amalize, kama alivyozoea. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kilichomwasha fundi kuliko hasira yenyewe. Alitaka kujua yule mrefu husema nini. Alikula chakula cha jioni akikiwaza, akaongeza chumvi mara mbili.

Sasa, saa ya ukutani mle ofisini ilikuwa imesimama. Jumatano asubuhi fundi alirudi akamwambia karani kwamba anaona aibu shule nzuri namna ile kuwa na saa iliyokufa, na kwamba angeitengeneza bure. Karani aliridhia, alisema yeye mwenyewe amechoka kuuliza wanafunzi saa. Basi saa nne ilimkuta fundi juu ya ngazi, kichwa karibu na dari, akigeuza skrubu ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Saa nne na robo aliingia mwenye vituo vya mafuta, mama mnene wa kupendeza, pamoja na kijana wake aliyetaka kuwa daktari wa meno. Mama huyu alilipa kwa mkupuo na juu yake alichangia bwawa la kuogelea. Karani alimtoa mshauri kwenye droo, akamweka sakafuni, akarudi nyuma hatua tatu. Mshauri akaanza kupanda. Viatu vilitangulia, yakafuata magoti, na tai ikafunguka kama zulia. Alipita urefu wa mlango, akapita kabati, akasimama pale kichwa kilipogusa taa, akakiinamisha kidogo upande kwa mazoea. Uso wake ulikuwa sambamba na wa fundi kwenye ngazi. Doa la chai lilikuwa sasa na ukubwa wa sinia.

Fundi aliacha kugeuza skrubu.

Mshauri alikohoa, vioo vya dirisha vikatetemeka. Akasema kwa sauti iliyosikika mpaka uwanjani kwamba kijana afuate moyo wake, asome kwa bidii, na achague kozi yenye soko.

Mama alitoa daftari la ngozi akaandika yote matatu. "Umesikia, baba?" alimwambia mwanawe. Kijana alisema amesikia. Mshauri aliwafungulia kitabu cha vyuo kilichokuwa juu ya kabati, mama akaupiga picha ukurasa wa meno kwa simu, akashukuru sana, akatoka akisema kwamba hapa ndipo mtu anapoona kazi ya pesa yake. Debe tupu husikika mbali, lakini hili lilikuwa limelipiwa.

Mshauri hakurudi kuwa punje papo hapo. Kimo kilimtoka polepole kama chai inavyopoa, robo saa hivi. Fundi alianza kuongea naye juu ya ngazi, na kadiri mwenzake alivyoshuka, naye akashuka kipandio baada ya kipandio ili watazamane.

"Mwalimu, ni yale yale?"

"Yale yale, mzee."

"Hata kukohoa?"

"Kukohoa ni kwangu mwenyewe."

Kipandio cha tano, mshauri alieleza kwamba aliajiriwa kufundisha mazoezi ya viungo. Mshauri aliyekuwepo aliondoka, mkuu wa shule akamwambia arudishe filimbi akae kwenye kile kiti kwa wiki mbili. Hiyo ni miaka sita. Hajawahi kufika chuo chochote zaidi ya kile alichojifunzia kuruka viunzi. Kila mwaka ameomba apelekwe mafunzoni, na kila mwaka ameambiwa fungu la ushauri limekwisha.

"Limekwishia wapi?" fundi aliuliza, akiwa kipandio cha tatu.

"Kwenye dari, mzee. Kimo kina gharama. Wamelipandisha mara mbili tangu nije."

Fundi aliinua macho. Dari lilikuwa zuri, lenye mapambo ya plasta pembeni.

Walipofikia sakafuni, mshauri akiwa kiunoni kwake, alisema hana cha kumpa ila kile kitabu, ndicho kilichopo, alikikuta mezani siku alipopewa kile kiti. Alikibeba kwa mikono yote miwili huku kikizidi kumlemea, fundi akakipokea kabla hakijamwangukia. Kilikuwa kizito, kurasa za manjano, jalada limeshikwa na utepe. Hapo ndipo moyo wa fundi ulipotulia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Katika ufundi wa saa, kitabu kadiri kilivyo kikuukuu ndivyo kilivyo cha kweli. Vipya vimejaa picha na uongo. Ndani yake aliikuta kozi ya ujenzi wa madaraja, chuo chake, na namba yake ya tarakimu sita. Alihisi amewachenga wakubwa wote kwa mpigo mmoja. Alimwinua mshauri, ambaye sasa alienea kiganjani, akamweka kwenye droo taratibu, akaenda zake na kitabu chini ya kwapa. Saa ya ukutani aliiacha inatembea, maana aliyeahidi kazi huimaliza.

Alhamisi jioni, kabla ya kuwasha taa, binti alinakili ile namba kwenye mstari wa kwanza. Fundi alimsomea tarakimu moja moja, mara tatu, kidole juu ya karatasi. Mstari wa pili waliweka kozi nyingine ya kitabu kile kile. Wa tatu pia. Ijumaa fomu ikaenda.

Majibu yalitoka baada ya miezi miwili. Kozi ya madaraja ilikuwa imefungwa miaka tisa iliyopita, na jengo lake sasa lilikuwa maegesho ya magari. Ya pili ilihamishiwa chuo kingine kwa namba nyingine. Ya tatu haikuwahi kuanza. Ilichapishwa kwenye kitabu kwa matumaini. Binti alisukumwa penye nafasi, nayo ilikuwa Usimamizi wa Kumbi na Mikutano, miaka minne, kuhama hakuruhusiwi.

Binti aliisoma barua akaiweka mezani. Alisema, "Si kosa lako, baba." Fundi angependelea amtukane.

Alikwenda kwa mkuu wa shule, bwana mpole mwenye viatu visivyolia. Fundi alisema yote: filimbi, miaka sita, kitabu, dari. Mkuu alisikiliza na kuandika. Kisha alisema kwa upole kwamba kitabu si cha kutolewa nje ya ofisi, na kwamba mzazi alivunja kanuni alipokitoa, lakini kwa kuwa ni mjane na mtoto ana nidhamu, hatalipishwa. Kuhusu ushauri, alikubali kwamba yapo malalamiko na shule haijayapuuza. Muhula ujao ada ya ushauri ingepanda ili hata mwenye punguzo kubwa apate mshauri wa urefu wa kidole. Dari nalo lingepandishwa tena. Alimpa fundi nakala ya waraka.

"Na atasema nini, akishakuwa kidole?" fundi akauliza.

"Atasikika," mkuu alisema.

Siku ya kujiandikisha chuoni, foleni ilianzia dirishani ikazunguka jengo. Fundi alibeba godoro, binti akabeba ndoo na vitabu vyake. Mbele yao alisimama mama mnene aliyependeza, na kijana wake ameketi juu ya sanduku jipya. Fundi alimtambua kwa daftari la ngozi. Kijana alikuwa na karatasi ya rangi ile ile kama ya binti: Kumbi na Mikutano. Ule ukurasa wa meno nao ulikuwa wa kozi iliyokwisha kugeuzwa maegesho.

Walisalimiana. Mama alisema mambo ya vyuo ni bahati tu, hakuna anayeweza kusema shule haikufanya sehemu yake. Mshauri alieleza vizuri mno, alisema, kwa sauti ambayo mpaka leo iko masikioni mwake.

"Na kwenu," aliuliza, "alikuwa kiasi gani?"

Fundi aliweka godoro chini. Akamwonyesha kwa kidole gumba na cha shahada, nafasi ya punje kati yavyo.

Mama alitazama ile nafasi, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Pole sana, baba yangu," alisema. "Mimi ningekuwa wewe, ningelalamika."

Foleni ilisogea. Kijana alivuta sanduku, fundi akainua godoro, na binti yake akalisoma jina la kozi lililoandikwa mlangoni, akalirudia kimya kimya, ili mtu akimuuliza anasoma nini awe na jibu.