Nguo za Wajane Zilizokwenda Chilinde

Jumanne ya pili ya Juni 2014, saa moja asubuhi, Mathilde alifungua mlango wa chumba chake cha kushonea huko Chilinde, mjini, akakuta nguo kumi za wajane zimesimama foleni. Zilikuwa zimetembea kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwa siku moja na nusu, bila watu ndani yake, kando ya barabara kuu, na mapindo yake yalijaa vumbi jekundu. Mbele kabisa lilikuwa gauni la kijani la Mama Gabriella, lililofumuka kuanzia kwapani hadi kiunoni. Mathilde alizisalimu, akazitolea benchi, kisha akarudi kwenye vazi la harusi la binti wa Charlotte, mteja wake wa mjini.

Alijua zilichofuata. Miaka mitatu kabla, angali kambini, alihudhuria Jumapili ya Karama. Siku hiyo kila muumini husimama na kutaja kazi atakayomtumikia Mungu kwayo, na shemasi huiandika. Mathilde, aliyefunzwa kushona na masista wa Bukavu, alisema atawashonea wajane maisha yake yote. Kanisa likaitikia amina mara tatu. Kwa desturi yao, karama iliyokwisha kutajwa haiguswi na mwingine, maana kuigusa ni kumnyang'anya mwenzako baraka. Kwa hiyo Mathilde alipohamia mjini, fundi Audace, ambaye cherehani yake iko huko kambini, hatua ishirini kutoka kwa Mama Gabriella, alilitazama gauni lile likifumuka wiki baada ya wiki, akaliombea.

Charlotte alipokuja kujaribisha vazi, aliipita foleni.

"Maman Mathilde, leo uko na bateja ba namna gani? Hata vichwa habana!"

"Acha. Zinangojea tu."

"Ni vizuri. Zingojee. Arusi ya mutoto wangu iko siku ya posho, Jumamosi hii, haiwezi kungojea."

Alhamisi akafika shemasi Lucien kutoka Dzaleka, daftari la karama kwapani. Aliketi mwishoni mwa benchi, baada ya nguo ya kumi, mpaka alipoitwa.

"Dada Mathilde, Mama Gabriella hana nguo ingine. Tangu Pasaka haingie kanisa. Anajifunga shuka, anaimba nyuma ya ukuta. Tunamusikia."

"Kazi ilikuwa mingi, shemasi."

"Tunajua. Kama muzigo ni muzito, mi nafuta jina tu. Audace atashona leo leo."

Alifungua daftari. Jina la Mathilde lilikuwa mstari wa nne, kwa wino wa bluu. Mathilde aliona akilini Jumapili ambayo kufutwa kwake kungetangazwa mbele ya watu walewale waliomwitikia amina, na uso ukamwaka.

"Usifute," alisema. "Nitashona."

Alilichukua gauni la kijani, akalishona. Lucien, ambaye hakuwa na jambo jingine la kufanya, alikuwa akitazama saa. Ilichukua dakika kumi na mbili. Mathilde akainama kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka.

Gauni likaondoka pamoja na shemasi. Jumapili Mama Gabriella aliketi safu ya pili, akaimba beti zote. Lucien alitangaza habari ya gauni, na kanisa likamshukuru Mungu kwa mikono miaminifu ya Mathilde. Audace aliitikia amina pamoja na wengine.

Jumatatu simu ililia Chilinde, Mathilde akiwa anakata sare za akina mama wa kanisa la Kawale, mtaa wa jirani.

"Mwanangu," alisema Mama Gabriella, "Mungu alikupa mikono. Akuongezee."

"Amina, mama," alijibu Mathilde, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri.

Kisha akatoka nje, akaziambia nguo tisa zilizobaki kwamba wiki hii haitawezekana. Zilisogea kwenye benchi, kila moja nafasi moja mbele, bila kulalamika. Mathilde akafunga mlango polepole, asije akabana mkono wa yeyote.