Pointi za Bwana Pelham

Mwaka wa 1957 Alexander Chepyegon aliitwa kutoka kiwanda cha chai, mikono ingali na vumbi la majani, aende nyumbani kwa meneja akapime reli za mchezo. Bwana Pelham, meneja wa shamba lile lililo kati ya Kericho na Litein, alikuwa amesikia kwamba mtu huyu aliwahi kuwa mshika pointi katika reli ya kweli. Yaani ndiye aliyevuta wenzo, ulimi wa chuma ukasogea, na gari likageuzwa kutoka njia hii kwenda ile. Hakusikia, au hakujali kusikia, kwamba utumishi ule uliishia gerezani.

Miaka minne kabla ya siku hiyo, behewa la magogo liliacha njia juu ya pointi alizozifunga Chepyegon kwa mkono wake, likamwangukia Ombati, mfunga mabehewa, likamuua. Mahakamani mkaguzi wa reli alitoa ushahidi wa maneno machache: wenzo ukifungwa, ulimi hauwezi kuachia; ulimi uliachia, basi wenzo haukufungwa. Kwa maneno hayo Chepyegon alitumikia kifungo cha miaka miwili. Alipotoka aliikuta hukumu ya pili inamngoja. Beldina, mjane wa Ombati, alikuwa mpishi wa Bwana Pelham, na hakuna njia ya shambani wala mlango wa kanisa ambapo hakumtaja kwa jina la muuaji. Watu walimwamini, kwa kuwa machozi ya mjane ni hoja isiyohitaji wakili.

Siku hiyo ya kupima reli Chepyegon alimkuta Beldina mlangoni mwa jiko.

"Umekuja kumuua nani leo?" Beldina aliuliza, macho yakiwa kwenye viazi alivyokuwa akimenya.

"Nimeitwa na bwana, Mama Moraa."

"Usiniite kwa jina la mtoto wangu. Pita, na ufute miguu. Hiyo sakafu nimeisugua mimi, si serikali."

Chepyegon alifuta miguu, akapita.

Meza ya kulia chakula ilikuwa imegeuzwa nchi nzima: vilima vya plasta, stesheni za ukubwa wa kiberiti, na reli zilizozunguka pande zote. Pembeni ziliwekwa pointi za namna mbili, za shaba na za bati.

"Wewe pima hii, pima hii," alisema Bwana Pelham. "Sema gani mzuri. Mimi nataka nunua ishirini."

Kando yake aliketi mgeni mnene mwenye kiko. Chepyegon alimtambua kabla hajainua uso. Alikuwa Bwana Stroud, yule yule mkaguzi wa mahakamani. Mkaguzi alimtazama kama mtu atazamavyo kiti kilicholetwa, kisha akarudi kwenye kiko chake. Hapo ghadhabu ilimpanda Chepyegon hadi masikioni. Mtu aweza kukunyang'anya miaka miwili ya umri wako, na uso wako asiuweke moyoni hata kwa siku mbili!

Hata hivyo aliifanya kazi kwa uadilifu, maana kazi ni amana hata mbele ya adui. Alichana ukanda mwembamba wa jani la chai lililokuwa mfukoni mwake, akauchomeka kati ya ulimi na reli, akafunga wenzo. Ndivyo walivyopima zamani stesheni: jani likibanwa, ulimi umefunga, likichomoka, haukufunga. Akalitia ufunguo garimoshi dogo, akaliachia lipite mara kumi juu ya pointi za shaba. Jani lilibanwa mara zote. Juu ya zile za bati lilibanwa mara sita. Mara ya saba likaanguka lenyewe, na wenzo ungali umefungwa.

"Hizi mbaya, bwana," alisema. "Pini ya chini imelegea. Gari likitikisa, ulimi unaachia kidogo kidogo, na wenzo hausogei."

Mkaguzi aliinama, akachungulia, akacheka. Akamwambia mwenyeji wake kwa Kiingereza, lugha ambayo Chepyegon alijifunza relini: "Anasema kweli. Zetu kubwa zilikuwa na ugonjwa huu huu. Tulizing'oa zote kimya kimya baada ya ajali ile ya magogo. Maskini mmoja alikuwa amekwisha kufungwa."

Chepyegon aliweka garimoshi chini.

"Jina lake nani, huyo maskini?"

"Sikumbuki," alijibu mkaguzi, akishangaa kuulizwa.

"Mimi ninamkumbuka. Nimelala naye kila usiku miaka minne." Akageukia jikoni. "Beldina. Njoo hapa."

Beldina aliingia na kisu mkononi. Chepyegon alimfasiria maneno yale yote, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akasema, "Usiniamini mimi. Funga huu wenzo wa bati mwenyewe."

Aliufunga. Garimoshi likapita, likapita tena, likapita, na mara ya nane likapinduka juu ya kilima cha plasta. Beldina aliushika wenzo, akauvuta. Haukusogea.

"Umefungwa," alisema polepole. Kisha akamwelekea mkaguzi. "Wewe ulikuja kwangu na blanketi na sukari. Ukaniambia huyu mtu alisinzia. Nilikunywa ile sukari yako."

"Hii mchezo tu," alisema Bwana Pelham. "Chepyegon, rudi kiwanda."

"Andika kwanza, bwana. Andika alichosema mgeni wako, utie sahihi."

"Mimi hapana andika. Yeye rafiki yangu."

Beldina alivua aproni, akaitupa juu ya stesheni. "Basi viazi viko kwa sufuria. Mpike nyinyi."

Chepyegon hakurudi kiwandani. Walitoka pamoja, sasa wote wawili bila kazi, wakashika njia ya Litein, kwa Nganga mwenye mashine ya kupiga chapa, aliyewaandikia watu barua za kupeleka serikalini. Beldina alitembea mbele kwa hasira.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilipotoka gerezani nilikuja mara tatu. Ulinimwagia maji ya vyombo."

"Ungekuja mara ya nne."

"Mara ya nne ungemwaga ya moto."

Hakucheka, wala Chepyegon hakutaraji acheke. Kwa Nganga walikuta karatasi imekwisha kutiwa katika mashine. Chepyegon alifungua kinywa aanze: Mimi, Alexander Chepyegon, niliyefungwa kwa dhuluma. Beldina akamshika mkono.

"Jina la Ombati litangulie," alisema. "Wewe uko hai."

Ghadhabu ilimpanda Chepyegon tena, kwa kuwa miaka miwili ile ya gerezani ilikuwa yake. Kisha akamwambia Nganga aandike hivyo.