Tone la Rangi ya Njano

Njiti ya kiberiti iliparuza ubavu wa kisanduku, ikazima. Ikaparuza nyingine, nayo ikazima. Beryl Tustain alifumbua macho gizani, akatega sikio. Sauti ilitoka chini, jikoni, ndogo kama ya panya anayeguguna ubao, lakini ilimtoa usingizini kuliko king'ora. Mume wake hakuwa mtu wa kupoteza njiti. Mikono ya Norman ilizoea kushika jambo mara moja likashikika.

Alipapasa upande wa pili wa kitanda. Shuka lilikuwa limepoa zamani.

Alijitupia koti mabegani, akashuka ngazi kwa kunyata ili asimwamshe mtoto. Ilikuwa alfajiri ya Jumamosi, na mji wote wa Coventry, Uingereza, ulikuwa bado umejifunika gubigubi. Vioo vya dirisha la jikoni vilikuwa vimeganda barafu kwa ndani. Norman alisimama mbele ya jiko la gesi na fulana yake ya kulalia, birika mkono mmoja, kiberiti mkono wa pili, njiti zilizozimika zimetapakaa miguuni pake.

"Lete," alisema Beryl. Akawasha. Moto wa buluu ulipochanua ndipo alipouona uso wa mumewe, akatamani angeuacha gizani.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa ni nini, Norman? Unanitia woga, mwenzangu."

Norman aliweka birika, akakalia ukingo wa kiti kama mgeni. "Nati," alisema. "Ya mkono wa usukani. Gurudumu la mbele, kushoto. Sikumbuki kuikaza."

Beryl hakuhitaji kuuliza ni gari gani. Juma zima nyumba hiyo ilikuwa imelala na kuamka na gari hilo: la kijani kibichi kilichokolea karibu kuwa cheusi, milango minne, viti vya ngozi nyekundu, ubao wa mbele wa mti wa mjozi uliong'arishwa hadi mtu akajiona meno. Ukilitazama kwa nje ungesema ni gari la daktari wa meno kwenda nalo kanisani, na kweli daktari wa meno ndiye aliyelinunua. Lakini ndani ya boneti walikuwa wamelitia moyo wa gari la mashindano: injini ya silinda sita, yenye kamshafti mbili juu na kabureta zilizopangwa kama filimbi. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya kiwanda chao. Baba yake Norman aliunganisha baiskeli chini ya paa hilohilo, kisha pikipiki, kisha magari ya watu wawili ya kushindania. Paa likaungua usiku wa mabomu, likaezekwa upya. Na vita vilipokwisha mtu mmoja ofisini akawaza, kwa nini mwenye watoto naye asikimbie? Likazaliwa gari la familia linalotimka maili mia na ishirini kwa saa huku mama nyuma akimenyea watoto machungwa.

Mwendo ule wote, na uzito ule wote, vikifika kwenye kona, vilishikwa na nati chache.

"Si ulipaka rangi?" Beryl aliuliza.

"Nilipaka."

"Basi uliikaza."

"Nilipaka kwanza."

Kule kwenye mstari wa kuunganishia magari, kila fundi alikuwa na kikopo cha rangi ya njano na brashi. Ukishakaza nati kwa ile spana ya kipimo, ikalia *tak* kuonyesha imefika, unaitia tone la njano. Wa mbele yako akiliona tone, haigusi tena nati hiyo. Tone ni neno la mwanamume. Hayo yalikuwa maandishi ya ukutani. Mazoea yalikuwa mengine: siku za Ijumaa, kila mtu akiwa na haraka, waliona upesi zaidi kushika brashi mara moja, kupaka nati zote kwa mkupuo, halafu kushika spana na kuzifuata moja moja. Kila mtu alifanya hivyo. Mafomani walikuwa wamefanya hivyo kabla ya kuwa mafomani.

"Nimekaza ya kulia, ikalia," alisema Norman. "Nimezunguka kushoto, nimeipachika kwa vidole. Hapo ndipo wale wa chama cha wafanyakazi wakapuliza filimbi. Mkutano uani, sasa hivi, kila mtu nje, kura ya kunyoosha mikono: tunagoma au hatugomi kwa sababu ya yule mpaka rangi aliyesimamishwa kazi. Tumesimama kwenye baridi tunabishana hadi masikio yakafa ganzi. Narudi, nachungulia, naiona njano. Nikapita. Beryl, niliiamini rangi yangu mwenyewe."

Maji yalianza kuimba birikani.

"Huenda uliikaza," alisema Beryl. Sauti yake ilitoka laini, ileile ya kumbembelezea mtoto mwenye homa. "Mkono hufanya kazi yenyewe. Mimi nikifunga mlango sikumbuki, lakini nikirudi nakuta nimeufunga."

"Huenda."

"Na fundi wa majaribio aliliendesha jioni. Angesikia."

"Alizunguka nalo uani tu. Nati iliyoshikwa kwa vidole hukaa. Hukaa hadi ikutane na barabara mbovu."

Beryl alimimina chai, nyingine ikamwagika sahanini. Aliijua hesabu iliyokuwa kichwani mwa mumewe kwa kuwa ilikuwa kichwani mwake pia. Fomani Hobley alikwishampa Norman onyo moja wakati wa kiangazi, na alisema mbele ya watu kwamba hatoi la pili. Kazi ikienda, nyumba inaenda, maana ilikuwa ya kiwanda. Na tumboni mwa Beryl mlikuwa na kitu cha miezi minne ambacho kilikuwa kimeanza kumgusagusa. Aliwaza, na alijisikia akiwaza: tukinyamaza, hakuna atakayejua. Tone lipo. Likitokea la kutokea, nani atakwenda kutafuta nati mtaroni?

"Kunywa chai," alisema. "Urudi ulale. Kukicha utaona mambo yamekuwa madogo."

Norman aliinama juu ya kikombe. Hakunywa.

Ngazi zikalia. Lorna, binti yao wa miaka minne, alishuka akiburuta sweta lake, macho yamevimba usingizi. "Mbona mnaongea?" aliuliza, akajiegemeza kwenye paja la mama yake. Beryl alimvika sweta, akalifunga vifungo kuanzia shingoni. Alipomaliza, vidole vyake vilipita tena juu ya kila kifungo, kimoja kimoja, hadi cha chini kabisa, kama vilivyopita kila asubuhi tangu mtoto huyo azaliwe. Cha chini kilikuwa wazi. Alikuwa na yakini kwamba amekifunga.

Alikifunga. Akabaki amekishika.

"Huyo daktari wa meno," alisema bila kuinua kichwa, "analichukua lini?"

"Leo asubuhi. Anakuja mwenyewe. Ameandika anataka kiti cha nyuma kiwe na mkono wa katikati, ili watoto wasigombane."

"Ana watoto."

"Wawili."

Beryl alisimama. "Vaa suruali."

"Hobley atanila mzima."

"Atakula akishiba atanyamaza. Vaa suruali, Norman."

"Nikienda peke yangu," alisema Norman polepole, "nitafika kona ya duka la nyama, nitarudi. Najijua."

"Nani amesema unakwenda peke yako?"

Walitoka na baiskeli mbili, Lorna amefungwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya mama yake, shali limemzunguka hadi puani. Barabara ilikuwa imepakwa barafu nyembamba kama sukari, na magurudumu yalikuwa yakiteleza kila waliposhika breki. Norman alitangulia. Alipofika kona ya duka la nyama mwendo wake ulipungua. Beryl aliuona mgongo wake ukisita, ukisikiliza kitu. Hakumwita. Aliendelea kukanyaga pedali hadi akamfikia, akawa sambamba naye, na wote wawili wakapita.

Kulikuwa kumepambazuka walipofika langoni. Mlinzi, mzee Percy Gunn, alitoka kibandani na kikombe chake.

"Haa, Tustain! Jumamosi? Mke amekufukuza, au umekuja kutuvunjia mgomo ambao bado hatujauanza?"

"Nifungulie, Percy. Yupo fomani?"

"Yupo, na suti yake ya harusi. Ana mteja. Shemeji, mfunike mtoto pua, baridi hii haina adabu." Kisha akawatazama vizuri, kicheko kikamtoka usoni. "Kuna nini?"

Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa gari lilikuwa linakuja. Lilikuwa limetoka kwenye jengo la kukabidhia, likishuka mteremko kuelekea langoni, kijani, linang'aa, kimya, injini ikikoroma kwa chini kama paka aliyeshiba. Usukani aliushika bwana mwenye kofia ya sufu, tabasamu limemjaa. Pembeni yake mwanamke. Nyuma, vichwa viwili vya wavulana. Hobley alikuwa amesimama juu ya mteremko akipunga mkono.

Norman aligeuka kumtazama mkewe. Beryl alijua kwamba kama yeye angesema *huenda* mara moja tu, wangesogea pembeni, gari lingepita, na wangerudi nyumbani kunywa chai pamoja na neno hilo maisha yao yote.

Alimfungua Lorna, akamweka kando ya ukuta. Kisha akaisukuma baiskeli yake hadi katikati ya lango, akailaza chini.

Breki zilifanya kazi yake. Gari lilisimama pale pale, pua ikainama. "Wewe mwanamke!" aliita yule bwana kupitia dirishani. "Una wazimu?"

"Usilisogeze, bwana," alisema Norman. "Tafadhali. Usilisogeze hata inchi."

Hobley alifika akihema, tai imeruka begani. "Tustain. Nieleze kabla sijapasuka."

"Nati ya mkono wa usukani. Kushoto."

Hobley alichuchumaa, akalala ubavu, suti na yote, juu ya gunia alilotandika Percy, akaingiza kichwa nyuma ya gurudumu na tochi ya mlinzi. "Rangi ipo," alisema kutoka chini.

"Niliipaka kabla, bwana."

Wanaume watatu wa kiwanda walijua neno hilo *kabla* lina maana gani, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumtazama mwenzake. Percy alichungulia ndani ya kikombe chake. Mkono wa Hobley uliingia gizani. Beryl aliona bega la suti likisogea kidogo, likasogea tena, bila nguvu yoyote, kama la mtu anayefungua chupa ya dawa.

Hobley alibaki amelala muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alipoinuka, vidole vyake viwili vilikuwa na njano. Aliviangalia, akavifuta kwenye kitambaa cha mfukoni, na uso wake ulikuwa umezeeka. Kwa Norman alisema kwa sauti ya chini, "Lete spana. Jumatatu, kabla ya king'ora, ofisini kwangu."

"Ndiyo, bwana."

"Kuna tatizo gani?" aliuliza yule bwana wa kofia. Mkewe alikuwa ameshika mkufu wake.

"Hakuna tatizo," Hobley aligeuka na tabasamu la dukani. "Ukaguzi wa mwisho tu, bwana. Desturi ya kiwanda. Dakika moja mtakuwa njiani."

Norman alisimama njiani kwenda kuchukua spana, akasikia, mabega yakamshuka. Beryl hakujua kama yalishuka kwa nafuu au kwa kitu kingine. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yao: uongo wa mtu mwingine, mpana, wa kuwatosha wote.

Dirisha la nyuma likateremka. Mvulana mmoja alitoa kichwa, akamtazama Lorna aliyesimama ukutani na shali lake.

"Kwa nini mmetuzuia?" aliuliza.

Hobley alimtupia Beryl jicho. Beryl angeweza kumvuta mtoto, kumfunika kwa koti, kumwambia twende. Aliweka mkono wake juu ya kichwa cha binti yake, akauacha pale, na akangoja.

Lorna alishusha shali kutoka mdomoni.

"Baba alisahau kukaza nati, tukaja kuwaambia."