Maneno Kumi na Mawili ya Abu Burhan

"Hivi Um Lutfi, ni kweli mwanao anatengeneza kompyuta isiyokumbuka kitu?"

Um Burhan aliuliza hayo huku akikamua malimau. Madirisha ya majiko yao yalitazamana, karibu kiasi cha kupokezana chumvi.

"Kweli."

"Kahangaika bure. Angenijia nikampa mume wangu."

Um Lutfi alicheka, kisha akamwomba Mungu msamaha kwa kumcheka mume wa watu. Moyoni lakini hakuwa na cheko. Wanawe wawili walikwishakwenda Ujerumani, na tangu baba yao afariki, Lutfi, kitindamimba, ndiye aliyekuwa sauti pekee ndani ya nyumba. Naye alikwishajiwekea siku. "Nikipata wateja kumi kabla ya Idi, mama, nabaki hapa Tarabulusi. Nisipopata, nawafuata kaka zangu." Pasipoti yake ilikaa juu ya friji, na kila mama alipopangusa vumbi aliizunguka, asiiguse.

Alichokitengeneza kijana ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, mwepesi, unaoenea kwenye flashi ndogo kama ukucha. Ukiichomeka kwenye laptop yoyote, hata ile kongwe ya marehemu babake isiyo na betri, inafufuka. Tangu mabenki yazuie pesa za watu, wengi walihamia kwenye sarafu za mtandaoni, na Lutfi aliwatengenezea mahali pa kuzishika bila kuchunguliwa. Ukizima, umezima: hakuna jina wala alama ya aliyepita. Cha kutunza ni kimoja tu, maneno kumi na mawili ambayo mfumo unakupa mara moja, uyaandike kwa mkono wako. Ukiwa nayo, pesa ni zako. Ukiyapoteza, hata Lutfi hana la kukusaidia. Na kwa kuwa wazee wa sokoni Kiingereza kinawapiga chenga, aliyaweka kwa Kiarabu.

Mteja wa kwanza alikuwa mume huyo huyo, Abu Burhan, muuza halua ya jibini, mtu asiyeuamini hata mzani wake.

"Nitaujaribu wiki moja," alisema, akinywa kahawa ya Um Lutfi. "Nikiridhika, nakuletea soko zima. Ila mke wangu asijue. Akijua yeye, muadhini apumzike."

Um Lutfi alitua sinia na kunyamaza. Neno la mgeni ni amana.

Jumanne yake, akipanda ngazi na mkate, aliona kikaratasi kimekunjwa chini, alama ya kiatu juu yake. Karatasi yenye maandishi haikanyagwi. Nani ajuaye jina gani la Mola limo? Aliiokota, akaibusu, akaigusisha kwenye paji la uso. Jikoni akaifunua. *Nuru. Subira. Mlango. Zeituni. Mvua. Amani. Ngazi. Asali. Kisima. Alfajiri. Mkono. Rehema.*

Aliisoma mara tatu. Masikini, mtu huyu ana shida nyingi! Umeme hana, mlango umevunjika, ngazi yake mbovu, hata maji ya kisima anayatamani. Ameandika haja zake kwa Mola, kisha zikamdondoka. Um Lutfi alisoma shule miaka mitano tu, lakini alichokisoma mara tatu hakikumtoka tena. Akazishika haja zote kwa mpangilio, kisha akaichoma karatasi kwa adabu, majivu akayatia kwenye chungu cha mrehani, yasikanyagwe.

Kila baada ya sala alimwombea mtu yule. "Ya Rabi, mpe nuru, mpe subira, mpe mlango..." Jumatano, kwenye darsa ya wanawake, aliwasimulia wenzake, na wanawake kumi na wanne wakainua mikono, wakiitikia amina kwa kila neno. Um Burhan alilia dua ilipofika kwenye neno ngazi.

Jumapili alasiri Abu Burhan alikuja kutoa uamuzi wake. Lutfi alishusha pazia la sebule, akabandika plasta kwenye jicho la kamera, akazima simu zote na kuzifungia ndani ya oveni. Dirisha la jikoni hakuna aliyelikumbuka.

Laptop ile isiyo na betri ilikuwa ndiyo kwanza imewaka, umeme ukakatika. Jenereta ya mtaa ikanguruma, taa zikarudi, kompyuta ikawaka upya, tupu kama siku ya kuzaliwa.

"Iko wapi pesa yangu?" Abu Burhan alishituka.

"Imesahau, ami. Ndiyo kazi yake. Ingiza maneno yako."

Abu Burhan alivua kofia, akapekua bitana yake. Akapapasa mfuko wa shati, wa suruali, akavua soksi.

"Lutfi."

"Naam, ami."

"Niliiweka ndani ya kofia. Jumanne nilijifuta jasho ngazini..." Akaipekua kofia tena. "Niambie una nakala."

"Ningekuwa na nakala, ami, ungenitukana."

"Basi nitakutukana kwa kutokuwa nayo! Na soko zima litajua wewe ni nani!"

Um Lutfi, mlangoni na sinia, aliona mwanawe akitupa jicho juu ya friji. Angenyamaza, aibu ya kuisambaza siri ya mtu ingempita yeye na kijana angeondoka. Na haki ya mtu ingekuwa shingoni mwake.

"Abu Burhan," alisema, "la kwanza lilikuwa nuru?"

Mzee alimtazama kama aliyeona maiti akipiga chafya.

"Andika, mwanangu. Nuru, subira, mlango..." Kwa kuwa hakujua kuyasema ila kwa namna aliyoyaombea, alipaza sauti. "...zeituni, mvua, amani, ngazi..." Akakwama. "Kisima. Au asali?"

"Asali kwanza, Um Lutfi!" ilijibu sauti kutoka dirishani. "Kisha kisima! Kwani mnaomba dua bila mimi?"

Kabla Abu Burhan hajavaa soksi, mkewe alikuwa keshaingia, mikono inachuruzika maji. Kompyuta ilikuwa imefunguka.

"Dola elfu kumi na moja," Um Burhan alisoma polepole. "Na kutengeneza meno yangu uliniambia tungoje mpaka Mungu afungue mlango."

"Mlango umo," alisema Um Lutfi taratibu. "Neno la tatu."

"Lutfi mwanangu, kitu hiki kweli hakimwambii mtu?" aliuliza Um Burhan.

"Hakisemi, mama. Aliyesema ni mama yangu."

"Basi nitengenezee changu. Na wenzangu wa darsa nitawaambia. Kila mmoja ana vijisenti kutoka kwa mtoto aliye nje, na kila mmoja ana mume."

Um Lutfi alihesabu kimoyomoyo: kumi na wanne. Aliishusha pasipoti, akaipangusa vumbi, akaitia kwenye droo chini ya vitambaa vya meza.

"Ami," Lutfi alijikohoza, "maneno haya sasa yanajulikana. Lazima tuhamishe pesa kwenye maneno mapya. Nani ataandika?"

"Lete kalamu," alisema Um Burhan, akikaa.

Abu Burhan alimtazama mkewe, akamtazama Um Lutfi, akaitazama kahawa yake iliyopoa. Akaokota kofia, akaivaa, akatoka bila hata neno moja kati ya kumi na mawili.